Mtoto Aliyelala Hapimwi

Temeke, Ijumaa, baada ya Alasiri

Shangazi,

Shikamoo. Najua hutaniitikia, lakini mkono wangu umekataa kuanza bila hiyo, na leo sitaki kukosa adabu hata ndogo. Kubwa nimekwisha kuikosa.

Nina hofu. Nakwambia wewe kwa sababu sina mwingine wa kumwambia, nyumba hii sasa ni mie na cherehani. Zena yuko hospitali ya mjini. Yule Zena wa jirani yetu wa nyuma, uliyekuwa ukimwita Bwana Shauri kwa vile hutembea kafunga mikono nyuma kama mkuu wa wilaya anakagua mji. Ana degedege. Na mie nilimpima amelala.

Basi, nimelisema. Nilidhani nikiliandika moyo utatulia kidogo, wala haukutulia.

Ilikuwa Jumatatu. Mama Zena alikuja na kitambaa cha chiti, maua madogo mekundu, anataka gauni la Idi, lenye marinda kiunoni na mikono ya kujaa, kama lile ulilomshonea mwaka jana. Mtoto alikuwa begani kwake, usingizi umemlevya, mdomo wazi. Nikasema tungoje aamke. Mama Zena akasema, "Ukimwamsha huyu utanikoma. Mpime hivyo hivyo, mwenzangu, nina chungu motoni." Akamlaza kwenye mkeka, pale pale pembeni ya cherehani yako.

Nilikumbuka, Shangazi. Wallahi nilikumbuka, nisikudanganye. Sauti yako niliisikia kama umesimama mlangoni: "Mtoto aliyelala hapimwi. Anayepimwa kalala ni maiti." Lakini neno hilo nitamwambiaje mwanamke ambaye mwanawe kalala mbele yake, anakoroma kwa afya? Kutaja maiti juu ya mtoto mzima, huo nao si uchuro? Nikaona aibu, nikachukua uzi wetu wa kupimia, ambao kila kipimo hufungwa fundo lake.

Nikafunga fundo la mabega. Nikafunga la kifua. Nilipofika kwenye urefu, toka shingoni mpaka chini ya goti, Zena akashusha pumzi ndefu na mikono yake ikanyooka ubavuni. Hapo ndipo nilipoona ninachokifanya. Umenichukua kwenye misiba ya kutosha, nimeona wanawake wakipima maiti kwa ajili ya bafta ya sanda, najua mikono inavyokwenda. Mikono yangu ilikuwa inakwenda vile vile. Nikafunga fundo la mwisho upesi upesi, nikamwambia Mama Zena nimemaliza, akamchukua mwanawe akaenda zake kwenye chungu chake.

Kesho yake alfajiri nikasikia yowe kutoka nyumba ya nyuma. Mtoto alikuwa amekakamaa, macho yamegeuka. Baba yake akampata mwenye gari la mkaa, wakampakia juu ya magunia na mama yake, wakaenda mjini. Mie nilisimama uani na kanga yangu mdomoni. Sikutoka hata kuwasindikiza, maana nilihisi Mama Zena akiniona tu, atakumbuka mkeka.

Tangu siku hiyo siwezi kazi. Uzi uko juu ya msumari, pamoja na karatasi zako za kukatia nguo, una mafundo yake yote. Nikiutazama naogopa. Nataka kuyafungua yale mafundo, halafu nawaza: huenda kufungua ndiko kumwachia. Nataka kuyaacha, nawaza: huenda kuyaacha ndiko kumfunga. Nimeutupia kitambaa juu nisiuone. Sasa naogopa kitambaa.

Karatasi zako zote zipo, usiwe na wasiwasi nazo. Panya hajazigusa. Juzi kabla ya mambo haya nilikuwa nazipanga, nikacheka peke yangu nikikumbuka siku uliyokwenda kwa fundi wa Kihindi pale madukani, akakuonyesha zile karatasi zake za kutoka Ulaya, nyembamba kama ganda la kitunguu, zina nukta na mishale. Ukazigeuza, ukazigeuza, ukamrudishia. "Watoto wa humu hawana matumbo," ukasema. Ukarudi nyumbani ukachana mfuko wa saruji ukakata za kwako, na tangu hapo hukushona kwa karatasi ya mtu. Kila moja ukaichora kwa mkaa alama ya mtoto uliyemkatia kwanza. Kuna jembe, la mtoto wa yule mama wa Chanika aliyekuwa akituletea muhogo. Kuna msalaba mdogo, wa binti wa karani wa kutoka bara aliyetaka gauni la ubatizo na kofia yake ya kufunga kidevuni. Kuna ndege, kuna kikombe, kuna kile kiatu kilichokushinda kuchora kikatoka kama kiazi. Yangu haimo. Nimezipekua tena mpaka chini, haimo. Nilipokuwa mdogo hilo liliniuma, na sijui kwa nini linarudi kuniuma leo, wakati nina mambo mazito kuliko hayo.

Wateja, kama ungetaka kujua, walipungua kwanza. Walikuwa wakichungulia barazani, wakiona ni mie nimekaa kwenye kiti chako wanasema watapita baadaye. Kisha wakarudi mmoja mmoja. Mikoba ya juzuu ndiyo iliyonirudishia watu, watoto wa chuoni wote wanataka ule wenye mfuko wa pembeni wa kutilia kalamu. Nilianza kuamini kwamba nitaweza. Sasa nawaza, Zena akipatwa na neno, nani atanipa mwanawe nimshike? Na hata wakinipa, mie nitamshikaje?

Jana pale bombani wanawake walinyamaza nilipofika. Labda walikuwa wamemaliza maneno yao tu. Labda.

Halafu jioni baba yake Zena akapita na baiskeli, anatoka mjini, uso umemshuka. Nikamuuliza hali. Akasema, "Tuko kwenye dua." Akapiga pedali, kisha akasimama, akageuka. "Mama Zena kasema usikikate kile kitambaa." Basi, hivyo tu. Hakusema tafadhali, hakusema kwa nini.

Usikikate kile kitambaa. Nimelitafuna neno hilo mpaka limeisha ladha. Kajua, Shangazi. Kakaa pembeni ya kitanda cha hospitali, kawaza nyuma, kafika kwenye mkeka wetu. Hataki mkono wangu uguse tena kitu cha mwanawe. Na mie namwona ana haki.

Nimeamua, kesho naenda Kimbiji kwa shoga yako Bi Mwajuma. Mlikua pamoja, mlifundwa pamoja. Kama mwiko huu una kafara yake, kuku au sadaka au kisomo, yeye atakuwa anaijua. Wewe ulinipa mwiko, dawa yake hukunipa. Sikulaumu, sikuwahi kukuuliza. Nilikuwa nikikuitikia tu, ndiyo Shangazi, ndiyo Shangazi, nikidhani utakuwapo siku zote.

---

Alhamisi

Barua hii niliiacha pale juu nikaifunika na sinia. Sikuwa na nguvu ya kuimalizia. Leo nimekaa tena, na nitakueleza kila kitu kwa taratibu yake, maana nikiruka nitalia.

Kimbiji nilifika. Nilivuka na pantoni mpaka Kigamboni, nikapata lori la nazi, barabara ile unaijua, nilishuka nimekuwa mwekundu wa vumbi mpaka kope. Bi Mwajuma nilimkuta anaanika vipande vya mihogo juu ya bati na kuwafukuza kuku kwa matusi. Amezeeka, lakini ulimi haujazeeka. Aliponitambua alinishika uso kwa mikono yote miwili, akalia kidogo kwa ajili yako, akajifuta, akaniuliza nimekula nini mpaka nikawa hivi.

Nikamweleza. Nilimweleza huku nikitazama chini. Nikamwambia, Bi Mwajuma, nimevunja mwiko, nimempima mtoto kalala na sasa mtoto yuko taabani, niambie nifanye nini.

Akaniuliza, "Mwiko gani huo?"

Nikadhani hakusikia vizuri. Nikarudia. Akanitazama kama mtu anayemtazama mgonjwa. "Kimbiji hapa watoto tunawapima wamelala. Wakiamka watakaa kimya saa ngapi?" Kisha akaacha hata kuku wakala. Nikamwona uso wake unabadilika, kama mtu anayeona kitu kikija kutoka mbali, akasema taratibu, "Huo si mwiko wa wazee, mwanangu. Huo ni wa shangazi yako Salima peke yake."

Akaniambia habari za Mwanaidi.

Shangazi, nimeishi nawe tangu sijaota meno ya pili. Nimekuosha miguu, nimekupaka mafuta, nimekufunga kitambaa cha kichwa siku ulizokuwa huwezi kuinua mkono. Hukuwahi kuniambia kwamba ulizaa. Bi Mwajuma ndiye aliyenieleza kwamba ulikuwa na binti, aliyezaliwa asubuhi ya Idi, mkamwita Mwanaidi. Kwamba yeye ndiye mtoto wa kwanza uliyemkatia karatasi, kabla hujawa fundi, ulikuwa mwanamke tu anayetaka mwanawe apendeze. Ulimpima mchana mmoja akiwa kalala, ili usimsumbue. Gauni likaisha. Homa ikaja, na gauni halikuvaliwa.

Bi Mwajuma alisema watu wote walikwambia ni homa. Mwaka ule homa iliingia nyumba nyingi za Kimbiji, na katika nyingine hakukuwa na cherehani wala uzi. Wewe hukutaka kusikia. Ulisema ulimpima sanda na mikono yako. Kabla ya arobaini ukafunga mzigo wako ukaja Temeke, na jina lake hukulitaja tena mbele ya mtu.

Nilikuwa nimekaa kwenye kigoda na nilihisi kama kigoda kinanizamisha. Ndipo nikakumbuka nguo zangu.

Magauni yangu, Shangazi. Yale mapana, yanayoburuta, watoto wenzangu wakaniita Turubali. Wewe uliyekuwa ukijua kiuno cha kila mtoto wa mtaa huu, watu wanatoka Kinondoni wanakufuata, ukimvalisha mwana wa kaka yako kama gunia. Nilikuwa nikikuletea uzi mwenyewe, nasimama mbele yako wima, macho wazi, nasema nipime na mie. Ukasema, "Wewe nakujua kwa macho." Nikaona unanidanganya. Niliamini uzi ni wa watoto wenye mama zao. Nilikua na kinyongo hicho, nikaolewa nacho, nikaachika nikarudi nacho nyumbani kwako, na siku tunakuzika kilikuwapo bado, kimejibanza mahali.

Kumbe ulikuwa unaogopa. Uliogopa kunigusa na ule uzi hata nikiwa nimesimama nacheka. Ulinipenda kwa hofu miaka yote hiyo, na mie nikaona hunipendi.

Ningekuwa nimekwenda Kimbiji kukutafuta wewe, hapo ningetosheka. Lakini nilikwenda kutafuta dawa ya Zena, na nilichopata hakikuwa dawa. Kabla ya kwenda nilikuwa na neno la wazee, na maneno ya wazee mengine mtu huweza kujiambia ni ya kutisha watoto tu. Sasa nilikuwa na jina la mtoto, aliyepimwa kalala na kweli akafa. Bi Mwajuma alinishika mkono akasema niende kwa amani, uzi ni uzi. Nikaitikia. Ndani ya lori nilikuwa nawaza, walimwambia Salima maneno haya haya.

Nilivuka, nikatembea, nikafika mtaani jua linapoa. Na kutoka kona ya kinu nikaona mbele ya nyumba ya akina Zena wanawake wamekaa. Mkeka umetandikwa nje, kanga zimefunika vichwa, wameinama.

Unajua mkeka wa nje maana yake nini. Nilishika ukuta wa mtu, udongo ukanimegekea mkononi. Nilitaka kurudi, wallahi, nilitaka kurudi pantoni, nirudi Kimbiji, nisionekane Temeke tena, kama wewe ulivyofanya. Nilielewa wakati ule kwa nini mtu anaweza kufunga mzigo kabla ya arobaini. Sikukulaumu hata kidogo.

Lakini mmoja wao alikuwa ameniona. Akaniita kwa jina, "Rukia, mbona umesimama huko?" Na sauti yake haikuwa ya kilio. Nikasogea. Nikaona wameinama kwa sababu wanachambua mchele. Mama Zena alikuwa katikati yao, amekonda, macho mekundu, na anacheka. Mchele ule ulikuwa wa sadaka ya shukrani. Zena alikuwa ameruhusiwa asubuhi ile.

Akatoka mlangoni mwenyewe, miguu kama njiti, kafunga mikono nyuma, akatutazama wote kwa zamu kama tumechelewa kulipa kodi. Nilikaa chini. Sikukaa, nilianguka, wakacheka wakadhani ni furaha. Ilikuwa furaha, lakini ilikuwa na mengine ndani yake.

Mama Zena akaniuliza, "Umekikata kile kitambaa?" Nikasema sijakikata. "Afadhali. Nilijua atatoka amekonda, gauni la vipimo vile lingempwaya. Nikamtuma baba yake akwambie ungoje." Shangazi, mwanamke yule alikuwa kakaa pembeni ya mtoto ambaye madaktari wanatikisa vichwa, na anawaza gauni la Idi lisimpwaye. Mie nikalipokea neno lake kama laana. Hivyo ndivyo hofu ilivyonigeuza.

Jumatano akamleta. Nilimsimamisha kwenye mkeka na kumwimbisha kama ulivyokuwa ukiwaimbisha wewe, na fundo moja nililifunga na kulifungua mara tatu mpaka Mama Zena akaniuliza kama nimekunywa chai. Sikumwambia kitu. Siku moja huenda nitamwambia. Gauni nimelikata leo asubuhi, kwa karatasi yako yenye ndege, na nimeacha pindo nene, kwa sababu mwili wake utarudi.

Sasa nisikilize, maana hiki ndicho kilichonikalisha hapa.

Zena alipimwa kalala. Nilimpima mimi, kwa uzi, toka shingoni mpaka chini ya goti, mikono imenyooka. Akapatwa na homa, kama Mwanaidi. Na kapona. Uzi haukujua kwamba yuko usingizini. Uzi haujui kitu, Shangazi. Angekuwa ameshikwa na uzi asingesimama leo barazani kwangu, anataka kujua kwa nini cherehani ina mguu mmoja.

Basi hukumuua mwanao.

Hilo ndilo nililotaka kukwambia, na hakuna siku nyingine niliyoumia kwa kukukosa kama leo. Masika yaliyopita tu ulikuwa hapa. Ungengoja kidogo ungeona kwa macho yako, wewe uliyekataa maneno ya watu wote, ungemwona mtoto aliyepimwa kalala anatembea. Umekwenda na mzigo ambao haukuwa wako, na nilikaa nawe chumba kimoja, nikakuona unageuza uso kila Idi watoto wanapopita na nguo mpya, nikadhani umechoka na kazi.

Sitakudanganya kwamba nimekuwa shujaa. Bado naogopa. Akili yangu imekubali, mkono wangu haujakubali. Nikiletewa mtoto kalala, nitamngoja aamke, hata kama chungu cha mama yake kitaungua. Lakini sitamwambia mwanagenzi wangu, Mungu akinipa mmoja, kwamba ni mwiko. Nitamwambia ni huzuni ya Shangazi yangu.

Nakuaga sasa, Mama. Niruhusu nikuite hivyo mara moja, mtu wa kukuita hivyo hukuwa naye kwa muda mrefu. Pumzika. Mola akulaze pale alipomlaza Mwanaidi.

Na nakuahidi hili. Baada ya Idi tutakusomea hitima, Bi Mwajuma amesema atavuka kuja. Mwalimu atauliza majina ya marehemu wa kuombewa. Miaka yote alipouliza, wewe ulitaja wazazi wako, ukamtaja baba yangu, kisha ukanyamaza. Safari hii nitajibu mimi. Nitasema Mwanaidi binti Salima, kwa sauti, watu wote wasikie, na nitamtaja kabla yako, maana yeye ndiye aliyetangulia.

Mwanao,
Rukia